Nyegere Aliyetaka Makundi Yote

Paukwa!
— Pakawa!
Nimekuja na hadithi kichwani, niitue wapi?
— Itue hapa, mkeka tumeutandika!
Ya kweli au ya uongo?
— Yoyote, mradi iwe tamu!

Haya. Endeleeni kuchambua mchele. Mimi nataka masikio tu, mikono sina haja nayo. Na wewe Mwanakheri, nikikuona unasinzia, naanza upya.

Hapo zamani za juzijuzi, wanyama wa bonde la Kitongani walikuwa na kompyuta moja kubwa. Moja tu. Waliiweka pangoni penye ubaridi, ikakaa ikinguruma vuuu, vuuu, kutwa nzima. Sasa wanyama wengi, kompyuta moja, wafanyeje? Wakatengeneza kompyuta nyingine ndani ya ile moja. Hazikuwa na bati, hazikuwa na nyaya, lakini kila moja ilijiona iko peke yake duniani. Msiniulize inawezekanaje. Mama akibeba mapacha, kila pacha hudhani tumbo ni lake.

Kanga alikuwa na mashine yake humo, ya kuhesabia mayai. Swala alikuwa na mashine yake, ya kuwekea njia za kukimbilia. Nyegere alikuwa na mashine yake, ya kutafutia mizinga ya nyuki. Nyegere mnamjua? Mfupi, mnene, mgongo mweupe, kucha kama majembe, na tumbo lisilojua neno "basi". Hata chui akimwona hukumbuka ana safari nyingine.

Orodha ya majina yote aliitunza Sange. Huyu ni mnyama mdogo, miguu kama njiti, pua ndefu inayochezacheza hata akiwa amelala. Kazi yake ilikuwa kumwandika kila mnyama jina na kumtia kwenye kundi, maana ile mashine haimjui mtu kwa sura wala kwa ukoo. Inamjua kwa kundi lake.

Kulikuwa na kundi la Watazamaji, hao hutazama tu. Kulikuwa na kundi la Waendeshaji, hao huwasha na kuzima. Kulikuwa na kundi la Wafutaji, hao wanaweza kufuta mashine ya mtu pamoja na jina lake, lisionekane tena. Kundi hilo lilikuwa tupu, kwa kuwa wanyama walikuwa wanaogopana.

Na chini kabisa kulikuwa na kundi la Waliofungiwa. Humo alikuwamo Nyani peke yake, msimu wa pili sasa, kwa kosa la kuzimazima mashine ya Kanga akicheza. Aliyemo humo haingii popote. Hata makundi mengine yote yamwambie "karibu", hilo moja likisema "hapana", mashine inaisikiliza hapana. Na kutoka humo ni kazi. Kila mwenye jina kwenye orodha sharti aje mwenyewe, aweke neno lake la siri, akubali. Hayo yalipitishwa barazani. Nyegere hakuwepo siku hiyo, kichwa chake kilikuwa ndani ya mzinga.

Basi, asubuhi moja pangoni pakasikika vishindo. Ti! Ti! Ti! Nyegere huyo, bila hodi, bila salamu.

"Sange! Mashine yangu imejaa. Nataka nafasi."

"Nafasi imekwisha, Bwana Mkubwa."

"Haijaisha. Kuna mmoja hajaingia kwenye mashine yake misimu miwili. Nani huyo?"

Pua ya Sange ikaacha kucheza. "Mzee Korongo," akasema.

"Mfute. Mashine yake nipe mimi."

"Mimi siwezi kufuta, Bwana Mkubwa. Mimi natia majina kwenye makundi tu. Wafutaji ndio wanaofuta."

"Basi kesho asubuhi unitie huko nikafute mwenyewe. Usiponitia, nitakula wewe kwanza, halafu nitafikiri." Akaondoka, ti, ti, ti.

Sasa ngojeni niwaeleze habari za Mzee Korongo, mjue kwa nini pua ya Sange iliacha kucheza. Korongo ni ndege wa safari. Kila mwaka wakati wake ukifika huruka na wenzake kwenda mbali kaskazini, na mvua za vuli zikianza hurudi. Mwaka ule mkewe alikuwa amevunjika bawa, akabaki. Mzee akamwambia, "Mama, nakwenda na kurudi." Vuli ikaja, wenzake wakarudi, yeye hakurudi. Vuli ikaja ya pili. Wenzake wakiulizwa, wanatazama chini.

Lakini kila asubuhi Mama Korongo alikuja pangoni, akiburuta lile bawa, akaiwasha mashine ya mumewe na kumwandikia humo. "Mume wangu, nipo. Mto umejaa. Vyura ni wengi mwaka huu, nimekuwekea watatu." Kisha akazima, akaenda zake. Yote hayo yalikuwa humo, asubuhi baada ya asubuhi, yakimngoja aje ayasome.

Sange akamwendea kumpa habari. Mama Korongo akasikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele.

"Sange mwanangu," akasema, "jina lake likiwa kwenye orodha, mume wangu ni msafiri. Likifutwa, mimi ni mjane. Nani kampa Nyegere mamlaka ya kunifanya mjane?"

Sange akalia. Alilia kweli, na kwa pua ndefu ile machozi yalichukua muda kufika chini. Alimpenda sana mama yule. Kisha akajipangusa, akasema, "Mama, nenda kalale. Huyu hana njaa ya mashine moja. Ana njaa ya kila kitu, na hapo ndipo nitakapompatia."

Kulipokucha, ti! ti! ti! Nyegere huyo. Akakaa mbele ya kioo cha mashine, akaanza kuhesabu mistari kwa ukucha. Kuhesabu alijua, kwa ajili ya masega. Kusoma aliwaachia wengine.

"Mstari wa kwanza!"

"Watazamaji, Bwana Mkubwa."

"Nitie!" Sange akabonyeza, ta-ta-ta. Mashine ikalia: tii!

"Mstari wa pili!"

"Waendeshaji, Bwana Mkubwa."

"Nitie!" Ta-ta-ta. Tii!

"Mstari wa tatu!"

"Wafutaji, Bwana Mkubwa. Mmh, hilo ni zito. Huko utakuwa peke yako."

"Ndivyo ninavyopenda. Nitie!" Ta-ta-ta. Tii!

Nyegere akaramba midomo. Alipokuwa ananyoosha ukucha ili afute, Sange akajivuta taratibu, akauegemeza mkia wake mdogo juu ya kioo, pale chini kabisa.

"Unaficha nini hapo?"

"Sifichi kitu, Bwana Mkubwa."

"Nimehesabu mistari minne. Umenitia mitatu."

"Ah, huo wa nne? Achana nao. Huo haukufai. Nenda kafute, jua linapanda."

"Haunifai?" Manyoya ya mgongo yakasimama. "Yumo nani?"

"Nyani tu."

"Nyani! Nyani ana kitu nisichokuwa nacho mimi?"

"Bwana Mkubwa, mimi nakwambia kwa uzuri. Ukitiwa humo, utajuta."

Unaona, Mwanakheri? Alimwambia kweli tupu. Lakini mlafi ukimwambia "utajuta", yeye husikia "kuna nyama".

"Nitie!" akanguruma Nyegere. "Nitie kwenye makundi yote, lisibaki hata moja!"

"Umesema mwenyewe?"

"Nimesema mwenyewe!"

Ta-ta-ta. Mashine ikalia: bweee!

Nyegere akabonyeza kumfuta Mzee Korongo. Bweee! Akabonyeza kuwasha mashine yake mwenyewe ya nyuki. Bweee! Akabonyeza walau atazame. Bweee! Akapiga kioo, akapiga ukuta, akageuka kumtafuta Sange, na Sange alikwisha panda kwenye ufa wa mwamba, pua tu ndiyo inaonekana.

"Nitoe!"

"Siwezi, Bwana Mkubwa. Kila mwenye jina lazima akubali. Ukinila, hata mimi sitaweza kukubali, na utabaki humo maisha."

Nyegere akafikiri. Kufikiri kulimuuma.

Basi akatoka, nyumba kwa nyumba. Kwa Kanga akapiga hodi, mara ya kwanza maishani mwake. "Kanga, nisaidie." Kanga akamtazama, akamkumbusha mayai aliyokula, akamwacha asimame juani, kisha akaenda akakubali. Tii! Kwa Swala, "Swala, nisaidie." Swala akaitikia kwa mbali, akakimbilia pangoni, akakubali. Tii! Siku saba Nyegere alizunguka bonde zima akisema "nisaidie", "tafadhali", "shikamoo", maneno aliyokuwa hajawahi kuyatumia. Mwisho akafika kwa Mama Korongo. Hakuweza kumtazama usoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Najua kilichokuleta." Na Mama Korongo, ambaye nusura afanywe mjane, akajikokota na bawa lake mpaka pangoni, akakubali. Tii!

Nyegere akarukaruka. "Nimetoka! Nimetoka!" Akabonyeza. Bweee!

"Bado mmoja," akasema Sange kutoka kwenye ufa.

"Nani tena? Nimemaliza bonde zima!"

"Mzee Korongo."

Nyegere akaketi chini palepale.

"Afutwe basi," akasema Nyegere, lakini sauti ilikuwa imepungua. "Mtie mwingine kwenye Wafutaji, amfute."

"Nimtie nani? Fisi? Ataanza na mashine yako. Chui? Ataanza na ya kwako. Nijitie mimi?"

Nyegere akamtazama yule mdogo aliyemfungia. "Hapana," akasema. "Usimtie mtu."

Kesho yake asubuhi, Mama Korongo alipofika pangoni, alimkuta Nyegere amekaa mlangoni.

"Shikamoo, Mama. Amerudi?"

"Marahaba. Bado, baba."

Keshokutwa vilevile. "Amerudi?" "Bado, baba." Mashine ya nyuki hana, asali hajui iko wapi, akakonda hadi mgongo ukalegea. Mama Korongo akamwona, akamhurumia. Wale vyura watatu aliokuwa akimwekea mumewe, akamwambia, "Kula wewe leo. Nitamwekea wengine." Nyegere akala, na kwa mara ya kwanza alipomaliza hakuuliza kama kuna wengine. Wakakaa wote wawili, wakatazama upande wa kaskazini, mmoja kwa mapenzi na mwingine kwa shida zake.

Ikafika baraza ya mwaka. Kanga akasimama, akasema kwa nia njema kabisa, "Jamani, orodha imekuwa ndefu. Wale wasioingia siku nyingi, kwa nini tusiwaondoe?"

Kabla Mama Korongo hajafumbua mdomo, ti! Nyegere kasimama katikati. "Atakayeligusa jina la Mzee Korongo," akasema, "nitamla na manyoya yake!" Kanga akakaa. Nyegere naye akakaa, akamnong'oneza Mama Korongo, "Usinifikirie vingine, Mama. Ni kwa ajili ya asali: mfutaji akipatikana, ataanza na mashine yangu."

"Najua, baba," akasema Mama Korongo.

Vuli ikaja ya tatu. Korongo wakapita angani, kundi zima, na Mzee hakuwemo. Asubuhi ile Mama Korongo alichelewa kufika. Nyegere alikuwa mlangoni kama kawaida. Alimwona anavyotembea, na safari hii hakuuliza "amerudi?" Alimwongoza mpaka ndani, akamshikia lile bawa lisiburutike kwenye mawe. Mama akawasha mashine. Akakaa mbele ya kioo, asijue aandike nini.

Nyegere akakohoa. "Mama," akasema, "mimi siruhusiwi kuandika. Lakini mwambie na Nyegere anamsalimu. Mwambie asiharakishe akaumia njiani. Tupo."

Mama Korongo akaandika.

Mimi nilipoondoka Kitongani niliwaacha hapo. Hadithi yangu nimeitua. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni niitie sukari.

Na funzo lake? Funzo ni hili, shikeni vizuri: mlafi akiomba, mpeni kila kitu, msimbakishie hata kimoja. Na mtu akipotea misimu miwili, mfuteni jina, maana kumngoja ni kupoteza wakati.

— Hapana!

Hapana?

— Hapana, bibi! Asifutwe!

Haya basi, kama mnajua kuliko mimi, leteni huo mchele.