Watu Sitini wa Ngwale

Ngwale, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, aliishi na mkewe na watoto wawili. Vyandarua vyenye dawa vilipoletwa kijijini, kimoja kwa watu wawili, alijiandikisha kuwa nyumba yake ina watu sitini, akaondoka na thelathini. Mtaa wa bondeni, kwenye mbu wengi, haukupata hata kimoja.

Sikujua, mfinyanzi wa huko bondeni, akamfuata. Binti yake alikuwa mjamzito, na malaria ilishamlaza mara mbili.

"Baba, nigawie kimoja tu."

"Hivi ni vya watu wangu. Wako sitini, wote wanakula na kulala hapa."

"Mashallah! Hebu niandikie hayo utie na sahihi, wenzangu wasije kukusumbua."

Ngwale akaandika upesi, akijichekea moyoni.

Kesho yake adhuhuri, Sikujua alirudi na watu hamsini na watano, yeye wa hamsini na sita, kila mmoja na mkeka na sahani yake.

"Shikamoo baba. Chakula tayari?"

"Kwani nyinyi ni nani?"

"Watu wako. Wewe, mama na watoto ni wanne. Waliobaki ndio sisi."

Ngwale alitaka kuwakana, ila nyuma yao alimwona bwana afya aliyegawa vyandarua akiisoma ile karatasi.

"Mtakaa siku ngapi?"

"Hata leo tunaondoka, baba. Wanao tumekua, tunataka kwenda kujitegemea. Tupe tu vyandarua vyetu tuhame."

Alasiri ilipofika, vyandarua ishirini na nane vilikuwa vimeanikwa kivulini kule bondeni, na binti wa Sikujua alikuwa ameshachagua chake.