Kijiko cha Bi Somoe

Usipime chumvi hujaona kijiko. Leo matroni amewaambia hivyo wodini, nanyi wanafunzi wangu mkabaki kutazamana kama waliosomewa barua ya kigeni. Haya, vuteni viti. Methali hii si ya kale, na ilianza hivi.

Palikuwa na mtandao wa wataalamu wa afya kutoka nchi ishirini na sita. Kazi yao ilikuwa kuandika miongozo: mtoto mwenye homa atibiwe vipi, mzazi anayetokwa damu asaidiweje. Walikutana kila mwezi kwenye kompyuta, huyu akinywa chai ya asubuhi, yule akipiga miayo ya kwenda kulala. Walikuwa watu wema, Mungu awabariki, ila kwa ubishi hawakuwa na mfano. Neno moja liliweza kuwamalizia mwezi mzima. Tena walikuwa na desturi yao: kila sentensi ilikuwa na mwenyewe. Aliyeileta ndiye aliyeitetea, jina lake likaandikwa pembeni, na ikishakubaliwa hakuna wa kuiondoa ila yeye.

Upande wetu uliwakilishwa na Sista Kolumba Haule, muuguzi wa wilaya moja kule Ruvuma. Mfupi, mcheshi, na akishika jambo haliachi.

Januari ya mwaka ule walianza mwongozo wa kutibu kuhara kwa watoto nyumbani, pale pakiti za dawa zinapokuwa zimekwisha zahanati. Miezi mitatu ilipita wakisoma tafiti. Aprili vita ikaanza. Mwenyekiti, Profesa Leonor wa Uruguay, alitaka vipimo viandikwe kwa gramu. Kolumba akauliza ni mama gani Ruvuma mwenye mizani jikoni. Akaleta sentensi yake: maji safi lita moja, sukari vijiko sita, chumvi nusu kijiko. Wakavutana mpaka Juni, na mwishowe profesa mwenyewe akakubali, tena kwa kicheko.

Sasa fikirini furaha yake. Sentensi ya muuguzi wa Ruvuma ilikuwa inakwenda nchi ishirini na sita bila kuguswa hata nukta. Aliichapa, akaibandika ukutani sebuleni, na kila mgeni aliyeingia alisomewa kabla hajapewa maji. Miezi iliyofuata wenzake walihakiki na kutafsiri. Kura ya mwisho ikapangwa tarehe kumi Desemba.

Siku tisa kabla ya kura, jirani yake Bi Somoe alimpigia simu. Mjukuu wake Hashimu, wa miaka miwili, alikuwa anahara tangu alfajiri, na zahanati haikuwa na pakiti hata moja. Kolumba akamsomea sentensi yake kwenye simu, neno kwa neno, kisha akavaa viatu akamfuata.

Alimkuta bibi amempakata mtoto, kikombe kiko karibu na midomo yake. Kabla mtoto hajameza, Kolumba akaomba aonje kwanza. Aliyatema hapohapo. Maji yale yalikuwa ya chumvi kupindukia, na mtoto aliyekwisha kukaukiwa maji akinywa chumvi ya namna ile, huongezewa ugonjwa juu ya ugonjwa.

"Bibi, umepimia nini?"

Bi Somoe akamwonyesha. Kilikuwa kijiko kikubwa cha kulia wali, kipana, cha bati.

"Hiki ndicho kijiko chenu?"

"Ndicho hicho hicho. Vilikuwa viwili, kimoja kiliondoka na shughuli ya harusi. Nimeweka nusu, kama ulivyosema."

Kolumba akakipokea kile kijiko, akakigeuza mkononi. Bi Somoe akamtazama kwa huruma, akauliza taratibu:

"Mwanangu, ulipokuwa unaandika, ulikuwa unakiona kijiko gani?"

"Changu. Kile kidogo cha chai."

"Basi hiyo ni dawa ya kwako. Ya kwangu hujaiandika bado."

Kolumba akayamwaga yale maji, akakimbia kwake kuleta kijiko cha chai, akachanganya upya. Alikaa na Hashimu mpaka jioni, akimnywesha kidogo kidogo, mpaka mtoto akakojoa na kuanza kudai uji. Hapo ndipo alipolia. Alikuwa amempenda yule mtoto tangu kuzaliwa kwake, na sentensi yake mwenyewe ilikaribia kumdhuru.

Siku ya kura, zamu yake ilipofika, aliogopa. Angeweza kunyamaza, heshima yake ikabaki. Badala yake akasema sentensi ile ni yake na anaiondoa, akawasimulia kisa chote. Mwishoni Kiingereza kikamwishia, akamalizia kwa Kiswahili:

"Usipime chumvi hujaona kijiko."

Wakamwomba atafsiri, akatafsiri. Profesa Leonor akanyanyuka, akatoweka kwenye kioo cha kompyuta. Kolumba akadhani amemkasirisha. Kumbe mama wa watu alikwenda jikoni kwake! Alirudi na kijiko, akakiinua. Wengine nao wakaenda, mmoja baada ya mwingine, wakarudi na vyao: vya mti, vya plastiki, vyenye mpini mrefu, na viwili tu ndivyo vilivyolingana. Mwaka mzima wa ubishi, na hakuna aliyekumbuka kutazama.

Kura haikupigwa. Mwongozo ulichelewa miezi minne, na ulipotoka uliagiza kwamba mhudumu wa afya aingie kwanza jikoni, akitazame kijiko cha nyumba hiyo, ndipo amwonyeshe mama kiasi. Katika orodha ya washauri, katikati ya maprofesa wawili, liliandikwa jina la Bi Somoe.

Kolumba alimpelekea kitabu mwenyewe, akamwonyesha jina lake. Bibi akalipitishia kidole, akatabasamu, kisha akauliza lililomhusu.

"Na kijiko, wameandika kipi?"

"Hawakuandika, Bibi. Wameandika waje wakione."

Bi Somoe akaridhika, akamwekea wali. Basi, nyie mnaokwenda kutoa dawa kesho, usipime chumvi hujaona kijiko.