Nyati na Magurudumu ya Mbio

Haya, wenye masikio sogeeni. Hapo zamani, kale zile nyati walipokuwa wakipiga pasi suruali na kwenda kuposa kwa baiskeli, palikuwa na Nyati mmoja mwenye nguvu za kung'oa mgomba kwa pembe moja. Huyo Nyati, jamani, alikuwa amependa. Amependa mpaka chai haipiti kooni! Alimpenda Koku, binti wa Mama Tandala wa kule kilimani.

Koku naye hakuwa wa kuchukuliwa kwa maneno matamu. Wachumba walikuwa wawili, Nyati na Ngiri. Akawaambia, "Kesho kutwa wageni wa ukoo wanakuja kwetu. Atakayefika wa kwanza na mikungu mitano ya ndizi za kupika, huyo ndiye mume wangu."

Ngiri ni mfupi, ni mpole, lakini akitoka ametoka, hasimami njiani kupiga soga. Siku ilipofika, Nyati akafunga mikungu mitano kwenye keria, akapitia kwa Nguchiro, fundi baiskeli wa chini ya kilima.

"Fundi, nikibadilisha magurudumu nitakimbia zaidi?"

Nguchiro akaitazama baiskeli. Akaitazama mikungu. Akaitazama tena ile mikungu. Nyumbani alikuwa na watoto wanane, na hakuna hata mmoja aliyejua kusema ameshiba.

"Utakimbia? Utapaa! Tena una bahati, nimebakiwa na jozi moja tu ya magurudumu ya mbio. Malipo utanipa ukishaoa. Ila geuka kule, kaka yangu. Haya hayataki kutazamwa yakifungwa."

Nyati akageuka, akatazama migomba. Nyuma yake, chwaka! chwaka! chwaka! Nawaambia ninyi, yeye msimwambie: Nguchiro hakubadilisha kitu. Aliyafungua magurudumu yaleyale, akayasugua kwa majivu na ndimu mpaka yakang'aa, akayarudisha.

"Tayari!"

"Lo! Yanawaka!" Nyati akapanda, akakanyaga pedali kwa nguvu zote. Kufika kwenye mwinuko wa kwanza, hah! hah! hah! ulimi nje. Akarudi amenuna. "Fundi, mbona hayana tofauti?"

"Kaka, mageni hayo! Ndiyo kwanza yamefika, unayabebesha mikungu mitano? Shusha miwili, yazoee kwanza."

Nyati akashusha miwili. Akaupanda tena ule mwinuko. Fyuu!

"Mama wee! Fundi, yanakimbia!"

"Si nilikwambia?"

Nyati akakuna pembe. "Na nikishusha mwingine?"

"Mimi sisemi kitu," Nguchiro akajibu kwa adabu. "Magurudumu ni yako."

Akashusha wa tatu. Fyuuu! Akashusha wa nne. Fyuuuuu! Kila akishuka kilima, anayabusu magurudumu. Na kila akipanda, watoto wa Nguchiro wanaburura mkungu mmoja kuupeleka uani, kimya kimya.

Mara akatokea Ngiri, anasukuma baiskeli kwa miguu, mikungu mitano imemfunika hata haonekani.

"Ngiri, mwenzangu!" Nyati akacheka. "Si ubadilishe magurudumu!"

"Yangu yanazunguka, kaka," Ngiri akasema, akapita zake.

Nyati akamgeukia Nguchiro. "Ananipita! Fundi, nifanyeje?"

"Kimbia! Fika kwanza, wakuone. Mikungu yako nitaileta mimi na wanangu, tuko nyuma yako hapo hapo."

"Kweli utanifanyia hivyo?"

"Kwa ajili ya mapenzi, kaka? Niache kukufanyia?"

Nyati alitaka kulia kwa furaha. Akaushusha mkungu wa mwisho, akaondoka fyuuuuuu! Akampita Ngiri, akapita mto, akaingia uani kwa Mama Tandala, krrr! vumbi mpaka kwenye masufuria.

"Wa kwanza! Nimefika wa kwanza!"

Koku akatoka na kisu cha kumenyea mkononi. Akaizunguka baiskeli. "Ndizi ziko wapi?"

"Zinakuja. Analeta Nguchiro."

"Nani?"

"Nguchiro. Yule fundi. Amenifungia magurudumu ya mbio."

Ua mzima ukaangua kicheko. Mama Tandala alicheka mpaka akashika mbavu. Koku hakucheka.

"Nyati, umempa Nguchiro ndizi akuletee?"

"Nilitaka kukuwahi," Nyati akasema. "Nilitaka sana kukuwahi, Koku."

Wakangoja, Nyati akiwasimulia alivyoshusha mkungu mmoja mmoja na magurudumu yakazidi kukimbia. Maji yakachemka, yakapungua, yakaongezwa. Hatimaye mikungu mitano ikaonekana inapanda njia, na Nyati akaruka kwa furaha. "Si hao! Si nilisema!"

Chini ya mikungu akatokea Ngiri, jasho linamtiririka.

Nyati alitamani ardhi ipasuke immeze. Koku akaenda kumpokea Ngiri baiskeli, kisha akamgeukia Nyati. "Kila ukishusha mkungu unakimbia zaidi, nawe unayasifu magurudumu! Hukushtuka hata kidogo?"

Nyati akapewa kisu, akakaa chini, akawamenyea wageni ndizi za Ngiri. Kule chini ya kilima, kwa mara ya kwanza, watoto wanane wa Nguchiro walisema wameshiba.

Nami hadithi nimeifikisha, tena na mzigo wake wote: anayekuuzia mwendo, mwangalie kwanza anakushushia nini.