Ngiri Alivyomwondoa Pofu Ndivani

Hadithi, hadithi, enyi mlioketi!

— Tumeketi, ilete!

Niikate au niimalize?

— Imalize!

Basi kila mtu ashike sikio lake. Wewe Mchome, acha kuuchokoa huo moto, umekukosea nini? Sikilizeni.

Hapo kale, kale ya mababu wa mababu zetu, wanyama waliishi kwenye mteremko wa mlima, wakalima. Mvua ilikuwa ya kubahatisha. Kwa hiyo wakachimba ndiva, lile bwawa la udongo la huko juu. Jioni waliziba tundu lake, maji ya kijito yakajaa hadi asubuhi, kisha wakazibua, nayo yakateremka kwa mifereji mpaka kwenye maharage ya huyu na viazi vya yule. Kila mtu na zamu yake. Hakuna aliyelala njaa.

Mlinzi wa ndiva alikuwa Pofu. Mnamjua Pofu? Kwa umbo ni kama swala, lakini katika swala wote hakuna mkubwa kama yeye. Mama mzito, ngozi ya shingo imening'inia. Kila asubuhi aliuzunguka ukingo wa ndiva, mguu hapa, mguu pale, mguu hapa, mguu pale. Mzunguko mmoja, asubuhi nzima. Ukimuuliza, "Mama Pofu, ndiva ikoje?" alitafuna kwanza, akameza, akayatazama maji, ndipo akajibu, "Ipo." Neno moja tu, kisha akaendelea na safari yake.

Nyuma yake alifuata mtoto mmoja wa kike, Nakunda, kitindamimba wa Ngiri. Shimo la Ngiri lilikuwa chini kidogo ya ukingo, upande wa mashariki. Nakunda hakupenda kukimbizana na ndugu zake. Alipenda kwenda na Pofu, na Pofu hakumwambia hata siku moja arudi kwao.

Ikawa mwaka mmoja wanyama wakamchagua Ngiri kuwa msimamizi wa maji. Simsengenyi, Ngiri alikuwa hodari wa kazi. Ila hakuwa na kituo. Alikula akikimbia, akasalimia akikimbia, na akikuuliza jambo, jibu lilimkuta ameshafika kwa jirani.

Siku ya kwanza akapanda ndivani. "Mama Pofu, ndiva ikoje? Sema upesi, jua linapanda!"

Pofu akatafuna, akameza, akatazama upande wa mashariki. Huko Fuko alikuwa ameanza kuchimba njia zake chini kwa chini. Pofu akasema, "Ipo. Ila huku mashariki..."

Ngiri alikuwa ameshafika mferejini. "Amesema ipo!" akawatangazia wenzake.

Siku ya pili akapanda tena. "Mama Pofu, ndiva ikoje? Sema upesi, jua linapanda!"

Pofu akatafuna, akameza, akasema, "Baba Nakunda, ukipata nafasi keti kidogo, kuna kitu nataka nikuonyeshe."

"Niketi? Nani anaketi mchana? Nitaketi nikizeeka!"

Pofu akanyamaza. Ngiri akajua mambo ni shwari, akateremka.

Siku ya tatu akapanda na Digidigi, yule mdogo mwenye miguu kama njiti, na wanyama wote nyuma yao. "Zungukeni ukingo tuone!" akaamuru. Digidigi akazunguka mara moja, akazunguka mara mbili, akazunguka mara tatu, na Pofu bado hajafika nusu. Wanyama wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Tangu leo mlinzi ni Digidigi," Ngiri akasema. "Una neno, Mama Pofu? Sema upesi, jua linapanda!"

Pofu akafungua mdomo. Wote wakamtazama. Ngiri akamngoja kwa muda wa kupepesa jicho, basi. Pofu akafunga mdomo.

"Mnaona? Hata hana neno!"

Ah, jamani. Mnajua hapa huwa namkumbuka nani? Marehemu Baba Nasero, mume wangu, alikuwa mtu wa namna hiyo. Nilimwuliza, nikajijibu mwenyewe, nikamlaumu kwamba hasemi. Miaka yote hiyo! Leo ningetoa chochote nimngoje amalize kutafuna.

Basi Pofu hakununa, hakulia. Alimlamba Nakunda kwenye paji la uso, akateremka bondeni, mguu hapa, mguu pale. Mtoto akataka kumfuata, baba yake akamwita kwa ukali, akarudi.

Sasa niwaambie ambalo Ngiri hakulijua. Ule ukingo ulishikana kwa sababu ya kwato za Pofu. Fuko akichimba, Pofu alipita juu kwa uzito wake wote akashindilia, njia zikafunga. Ndiyo maana alikwenda taratibu, alikuwa akiusikiliza udongo kwa miguu. Digidigi yeye alipita kama upepo, jani kavu halikuvunjika. "Ipo! Ipo! Ipo!" akaimba, na Ngiri akafurahi, maana huyu alijibu kabla hajaulizwa.

Ikapita siku ya kwanza, ikapita ya pili, ikapita ya tatu. Ya nne mvua ikanyesha, mvua kubwa, na ndiva ikajaa pomoni. Kulipopambazuka ukingo wa mashariki ukatoa jasho, jasho likawa uzi wa maji, uzi ukawa mto. Ukingo wote ukaondoka.

Maji yakaingia shimoni kwa Ngiri. Ngiri akazama, akamtoa mtoto wa kwanza. Akazama, akamtoa wa pili. Akazama, akamtoa wa tatu. Akageuka amfuate Nakunda, na shimo likawa tope tupu. Alichimba kwa meno, alichimba kwa pua, alichimba mpaka jioni. Hakumpata.

Na mashamba yakaenda, na mbegu zikaenda. Lakini Ngiri hakuyatazama mashamba.

Matanga yalipokwisha akateremka bondeni, akamkuta Pofu akila majani.

"Mama Pofu, ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, ulikuwa umeshaondoka."

"Ungepiga kelele!"

"Mimi si wa kelele, Baba Nakunda. Hilo ulilijua siku zote."

Hakulisema kwa hasira. Angelisema kwa hasira, Ngiri angepata wa kugombana naye.

"Rudi," Ngiri akamsihi. "Tutaujenga ukingo upya. Utazunguka upendavyo. Nami nikikuuliza, nitangoja."

Pofu akatafuna. Ngiri akangoja. Pofu akatafuna. Ngiri akangoja, miguu ikamchoka, akapiga magoti ya mbele, pua yake ikagusa nyasi. Jua likapanda, likasimama, likashuka. Hakuondoka.

Ndipo Pofu akameza. Akasema, "Nakunda alikuwa ananingoja kila siku, wala sikumwomba. Sirudi."

Akaenda zake.

Ngiri akabaki palepale juu ya magoti. Tangu siku hiyo, ukimkuta porini anakula, utamwona amepiga magoti. Wengine husema ni kwa sababu shingo yake ni fupi. Mimi nasema bado anangoja, huenda Pofu akaongeza neno.

Mafunzo yake ni haya, wanangu: mtu mpole si kwamba hana neno. Neno lake liko mbali, linakuja kwa miguu. Ukimwuliza, keti. Akinyamaza, usihesabu amekubali. Na umngoje angali karibu, maana akishaondoka utangoja bure.

Hadithi yangu imekoma, na moto umefifia. Aliyeisikia aibebe kwa mikono miwili, aliyesinzia aulize kwa jirani.

Haya, Mbonea mjukuu wangu, wewe ambaye hujatamka kitu tangu tulipokaa. Hadithi umeionaje? Nyamazeni ninyi wengine, sikuwauliza! Mimi sina haraka, mama, nimekaa.