Chagua Iliyo Karibu

Wapendwa, naona wengine mmeshaegemea ukuta. Siwalaumu. Wiki ilikuwa ndefu, na hata mimi nimepanda hapa nikiburuta miguu. Basi leo sitapaza sauti. Nitawapa habari za mtu aliyechoka, nanyi mtaniambia kama mnamfahamu.

Palikuwa na wakili mmoja mwanamke, tumwite Anasia, katika mji ulio chini ya mlima. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa, na ngazi za kumfikia hazikukaukiwa na watu. Huyu anauza kiwanja, yule anapangisha fremu, mwingine anataka wosia kabla hajaenda kupasuliwa. Anasia alimketisha kila mmoja, akamsikiliza, kisha akaandika. Watu walisema wosia ulioandikwa na Anasia ukisomwa, unamsikia marehemu mwenyewe akikohoa.

Sifa nzuri hiyo. Lakini sifa haikandi mgongo. Anasia alifika nyumbani hoi, mumewe akimsemesha anaitikia kwa kuguna, watoto wakimwonyesha daftari anasema vizuri, vizuri, bila kutazama. Mnamfahamu huyo?

Rafiki yake waliyesoma naye akamwonea huruma. "Utajimaliza, mwenzangu. Chukua hati zako za zamani, futa majina, ipe akili mnemba izisome. Itakutengenezea violezo. Karani wako atauliza maswali, atajaza majibu, hati itatoka yenyewe. Wewe utakagua na kutia sahihi."

Anasia akafanya hivyo. Na nisiwadanganye, wapendwa: chombo kile kilifanya kazi vizuri. Hakikukosea tarehe, hakikusahau shahidi. Hata palipokuwa na jambo zito, kama mzazi kumnyima mtoto urithi, kiolezo kilileta sababu ambazo sheria inazikubali. Unachagua moja, na maneno yake yanajipanga, yamenyooka, yana uzito. Siku za mwanzo Anasia alitoka kazini jua bado lipo. Alinunua ndizi njiani. Alicheka na wanawe.

Lakini tunajijua sisi binadamu. Nafasi ile iliyopatikana hakuiacha wazi. Aliongeza wateja, wakaongezeka, na kabla mvua za mwaka ule hazijaisha alikuwa amechoka kama zamani, tena zaidi, kwa sababu sasa alichoshwa na watu asiowajua hata sura.

Ndipo akapanda mzee mmoja, Mzee Kileo, akisaidiwa na fimbo. Amekuja kuandika wosia. Karani akamwuliza maswali kama kiolezo kilivyotaka. Jina. Mke, marehemu. Watoto, watatu. Shamba la kahawa kwa mkubwa, nyumba ya mjini kwa binti. Wakafika kwenye kihamba, ile ardhi ya nyumbani yenye migomba na makaburi ya wazee, ambayo kwa mila yao huachiwa kitinda mimba. Mzee akaigeuza fimbo mkononi.

"Huyu wa mwisho, Aminieli," akasema, "yeye sijui. Naweza kuonana na wakili mwenyewe?"

Mnasikia? Mtu aliyekwisha kuamua huomba kuonana na wakili mwenyewe?

Anasia akatoka chumbani kwake, simu mkononi, watu watatu wakimsubiri kwenye benchi. Hakukaa.

"Shikamoo, mzee. Kuna tatizo?"

"Marahaba, mwanangu. Ni huyu kijana. Tuligombana. Nikasema kihamba hapati."

"Basi sheria inataka sababu. Hizo hapo, karani atakusomea."

Karani akasoma. Aliyemshambulia mzazi. Aliyeharibu mali ya mzazi. Aliyemtelekeza mzazi katika ugonjwa. Mzee akatikisa kichwa.

"Hakuna hata moja. Sisi tuligombana tu, mwanangu."

Anasia alihisi kichwa kinagonga. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu jambo hili liishe, na lingine liishe, na jioni ifike.

"Mzee," akasema kwa upole kabisa, "chagua iliyo karibu."

Mzee Kileo akatazama dirishani kidogo. Kisha akasema, "Haya, andika hiyo ya ugonjwa." Hati ikatoka, hakuna aliyeisoma. Mashahidi wakatia sahihi, naye akatia, akashuka ngazi taratibu akishikilia ukuta.

Akafa kabla ya mavuno ya kahawa. Baada ya maziko ukoo ukakaa, wosia ukasomwa mbele ya watu, majirani na wakwe wakisikiliza. Na ilipofikiwa sehemu ya Aminieli ikasomwa hivi: "Mwanangu huyu nilimwita nikiwa kitandani, nikamwita tena, naye akaniacha nilie peke yangu kama mtu asiyezaa."

Aminieli akapanda zile ngazi. Karani alipomwona uso, hakumwuliza swali lolote. Akampeleka moja kwa moja ndani.

"Mama, sikuja kudai ardhi," kijana akasema. "Nataka kujua neno moja. Baba alipougua mguu, mimi ndiye niliyemwosha, kutwa kucha. Tulikuja kugombana baadaye, nilipooa mwanamke asiyemtaka. Akanifukuza, na mimi kwa kiburi sikurudi. Hilo ningelikubali mbele ya watu wote. Lakini hili la kuniita akiwa kitandani, alilisema lini? Maana nisipojua, nitaamini nilimsikia nikanyamaza."

Anasia akachukua ule wosia akausoma, mstari kwa mstari, kwa mara ya kwanza. Alipofika kwenye yale maneno akarudia kuyasoma. Aliyafahamu. Aliyaandika yeye mwenyewe, miaka mingi nyuma, kwa mkono wake, akiwa ameketi ubavuni mwa mama mmoja mjane aliyekuwa akilia. Alikuwa ameyaandika vile vile yalivyomtoka yule mama.

"Si ya baba yako," akasema.

"Unasemaje?"

"Maneno haya si ya baba yako. Ni ya mama mmoja wa kijiji kingine, kuhusu mwanawe mwingine. Chombo kiliyakuta kwenye hati zangu kikaona yanafaa."

Kijana akakaa chini. "Na baba? Yeye alisema nini?"

"Alisema mligombana tu."

"Basi?"

"Aliomba kuzungumza nami." Anasia akaukunja ule wosia. "Sikukaa."

Kesho yake alifunga ofisi, akapanda mlimani na Aminieli, akasimama mbele ya ukoo ule ule akayasema yote. Kaka na dada hawakuwa watu wabaya. Wakakubaliana, na kihamba akapewa kitinda mimba. Lakini mpaka leo, wapendwa, ukipita sokoni kule utasikia mtu akimnong'oneza mwenzake: huyo ndiye aliyemwacha baba yake alie. Ardhi ilirudi kwa kikao kimoja. Lile neno limekataa kurudi.

Sasa nani alikosa hapa? Mtasema mashine. Mashine iliambiwa ijaze palipo wazi, ikajaza. Mtasema uchovu. Kuchoka si dhambi. Mwenyezi ndiye aliyetuumba na magoti yanayoishiwa nguvu.

Ila sisi, ndugu zangu, sisi tumeanza lini kuwajazia watu mioyo yao? Mjane anaanza kusema, tunamwambia kazi ya Mungu haina makosa, tunatazama saa. Mtoto anasema hataki shule, tunamwambia mvivu, kwa sababu uvivu ndilo neno lililo karibu. Mke anasema sijui nina nini, tunamwambia kapumzike. Maneno mazuri yote. Yaliwahi kusemwa na mtu kwa machozi, mahali fulani, siku fulani, na yakamfaa. Sisi tunayachukua tunamvika mwingine, kisha tunashangaa kwa nini nyumba zetu zimejaa watu wanaotazama dirishani.

Siwaombi msichoke. Nawaomba kitu kidogo, kinachowezekana hata kwa mtu aliyechoka. Leo mtakaporudi nyumbani, yupo atakayeanza kusema jambo, atasita katikati. Tusimmalizie. Tuvute kiti.