Firigisi ya Mposaji

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, simu zikiwa zimeshajua kuelekeza watu njia, Mbaruku asiyeona alikwenda kumposa Bi Nunu. Bi Nunu alikuwa amempa sharti: "Njoo peke yako kabla ya adhuhuri, bila kushikwa mkono. Ukichelewa, namkubali fundi cherehani." Mbaruku alimpenda kwelikweli; kila akiikumbuka sauti yake, chai ilimpoa mkononi.

Mpwa wake Saumu alikuwa ametia sauti yake mwenyewe ndani ya simu ili imwongoze. Lakini Saumu alilelewa vizuri kupita kiasi. Simu haikutaja kona kabla ya kuamkia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Habari za tangu kona ile?"

"Njema, mwanangu. Niambie basi."

"Kata kulia."

Kila kona, shikamoo. Kila kona, marahaba. Na Mbaruku haitikii salamu huku anatembea. Kwao huo ni utovu wa adabu. Akasimama kila mara, jasho likimtoka. Mahali fulani akaamkiwa, akasimama, fimbo yake ikapapasa mbele isiguse kitu. Ulikuwa mtaro. Hatua moja zaidi, na posa ingeingia majini.

Salamu zikala chaji yote. Kwenye njia panda ya mwisho simu ikasema, "Shikam..." ikazimika. Mbaruku alitaka kulia.

Mara akasikia jogoo akipiga mayowe upande wa kushoto. Bi Nunu alikuwa akimkimbiza uani, kitoweo cha mgeni. Mbaruku akayafuata mayowe, akapiga hodi, na adhana ikaanza. Bi Nunu akacheka, akamkubali.

Saumu na Kombo kinyozi walipofika kula, Mbaruku akaapa kwamba firigisi, ambayo kwao ni haki ya mposaji, atampa aliyemfikisha. Mate yalikuwa yamemjaa kinywani, lakini alishaapa.

Saumu akasema, "Ni yangu. Bila salamu zangu ungekuwa mtaroni."

Kombo, aliyeichaji simu kibandani kwake, akasema, "Ni yangu. Bila umeme wangu, ungeamkiwa na nani?"

Mbaruku akanong'ona, "Na mimi niliyesimama kuitikia?"

Bi Nunu akasema, "Aliyekuleta mlangoni ni jogoo. Tena firigisi ilikuwa yake tangu mwanzo."

Wote wakaligeukia sinia. Jogoo hakujitetea, mchuzi wa nazi ulikuwa umemfika shingoni.

Mpaka sasa Mbaruku ameishika firigisi, inapoa. Haya, ninyi mlioshiba: nani alistahili kuila?