Mwiba wa Bwawa la Kwakizaro

"Mwenye mwiba kooni hamkemei mvuvi."

Mzee Sengasu alitamka maneno hayo taratibu, uzi ukiwa bado umemning'inia mdomoni, huku akishona kiatu cha mpira kilichopasuka ubavuni. Vijana waliokaa kwenye benchi la kibanda chake walikuwa wametoka kulalamika kwa msimamizi wa mashindano ya mtaa kuhusu bao lililofungwa kwa mkono. Msimamizi aliwajibu kwamba hakuona. Mchana wa siku hiyo hiyo alikuwa ameonekana akila pilau nyumbani kwa tajiri wa timu iliyofunga.

Vijana walicheka kwa sababu mzee alisema kama mtu anayecheka. Kisha mmoja wao akauliza mwiba huo ulitoka wapi, na mvuvi mwenyewe alikuwa nani.

"Mwiba ulitoka hapa hapa mjini," alisema Mzee Sengasu, "na mvuvi huyo wajukuu wake mnawafahamu, ila sitawataja. Kaeni vizuri. Chanzo chake ni hiki."

Bwawa la Kwakizaro lilichimbwa wakati wa mkonge, ili kiwanda kipate maji. Mkonge ulikufa, kiwanda kikageuka ghala, lakini bwawa lilibaki na mji ukalizunguka. Upande huu soko, upande ule msikiti na zahanati, na kwingine kote nyumba za watu. Ndani yake waliishi perege. Mtu alikuwa akitoka kazini na ndoana yake, anakaa ukingoni, anapata wa mchuzi, anakwenda zake. Perege mmoja alijaza sahani, na mkia ukabaki nje.

Bi Zamda Semboja, mjane, aliwalea wanawe kwa perege hao. Alikaanga samaki kwenye kona ya soko, na karai lake ndilo lililomwambia kwanza kwamba kuna jambo. Samaki aliyejaza sahani alianza kujaza kiganja. Aliyejaza kiganja akawa kama kidole. Mwishowe watu waliwanunua kwa mafungu na kuwatafuna kichwa na mkia, kama karanga. Kumbe kulikuwa na watu walioshona vyandarua vya kliniki, vitatu vinne pamoja, wakawa wanalikokota bwawa zima kama mtu anayefuta meza. Chandarua kilichotolewa ili mbu asimuume mtoto sasa kilimzuia samaki asikue.

Bi Zamda alikwenda wilayani kwa Bwana Samaki, afisa wa uvuvi. Yule bwana akaja na pikipiki yake, akatazama maji, akatikisa kichwa. Aliwaeleza watu kwamba nyavu za namna ile zimekatazwa na sheria siku zote, na kwamba bwawa lenyewe sasa lazima lipumzishwe, hata ndoana isiingie, mpaka masika yaishe. Masika ndiyo wakati wa kuzaa. Perege jike, alisema, huyabeba mayai yake mdomoni. Yakianguliwa, vifaranga navyo huendelea kukimbilia mdomoni kila vinapoogopa. Muda wote huo mama hali chochote.

Watu waliguswa. Wote waliinua mikono kukubali, wengine wakainua yote miwili. Ikaundwa kamati. Bi Zamda akawa mwenyekiti, na katibu akawa Mzee Mdoe, karani mstaafu mwenye sauti nzito, ambaye akikohoa sokoni watu wa stendi wanageuka. Siku iliyofuata Bi Zamda aliosha karai kwa majivu, akaanza kukaanga mihogo.

Hapo ndipo uchovu wake ulipoanza.

Wa kwanza alikutwa na ndoana majini, akasema anapima kina. Mwingine mgonjwa wake alikuwa ametamani perege, na hakutamani kingine chochote duniani ila perege. Mwalimu mmoja alileta wanafunzi kujifunza viumbe wa majini, na kila mwanafunzi alikuja na ndoo. "Mmoja tu, mama," kila mtu alisema hivyo, tena kwa unyenyekevu, kana kwamba yeye peke yake ndiye aliyewahi kufikiria kuomba mmoja. Bi Zamda aliwajibu wote. Jioni alirudi nyumbani hana sauti, na mihogo yake nusu haijauzwa.

"Watu hawa hawa ndio walioinua mikono," alimwambia mkwewe, Mwajabu, aliyekuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. "Mikono ile ile, mwanangu."

Mwajabu alimsikiliza huku akinyonyesha.

Mvuvi aliyewashinda wote aliitwa Chambuso. Alikuwa mcheshi, mwenye salamu kwa kila mtu, na wavu wake wa vyandarua aliufunga nyuma ya baiskeli kama mzigo wa nguo za kufua. Alivua Ijumaa, wakati wanakamati wapo msikitini.

Ijumaa moja Bi Zamda alishuka bwawani kuosha mihogo, akamkuta anavuta. Wavu ulipanda matopeni na perege mmoja jike, mkubwa kuliko alivyotarajia kuona tena. Alipoguswa na hewa alifungua mdomo. Vikatoka vifaranga, vidogo kama punje za mchele zenye macho, vikamwagika matopeni vikarukaruka.

Bi Zamda alipiga magoti. Akavizoa kwa upindo wa kanga, matope na vifaranga pamoja, akavirudisha majini. Vingine vilikuwa vimeshatulia.

"Shangazi," alisema Chambuso, "hao hata kikaangoni hawaonekani. Unahangaikia nini?"

"Mama wa hawa amefunga kula kwa ajili yao. Wewe na tumbo lako mmeshindwa kufunga masika haya tu." Alimnyang'anya yule jike, akamtia majini. "Jumapili kuna kikao. Utakuja."

"Nitakuja, shangazi. Na wavu nitaubeba mwenyewe, nikupunguzie kazi."

Majibu hayo yalimtatiza Bi Zamda. Aliyekamatwa huapa, au hukimbia, au hulia. Huyu alifunga mzigo wake akapanda baiskeli, akaenda zake akipiga kengele.

Jumapili walikutana ghalani. Chambuso aliketi mbele, wavu mapajani, kama aliyepakata mtoto. Bi Zamda akaeleza aliyoyaona, kisha akamwomba katibu asome shitaka, ili wavu uchukuliwe na mtu huyo apelekwe kwa Bwana Samaki.

Mzee Mdoe alisimama. Shingo yake ilikuwa imeinamia upande mmoja, na mkononi alishika ndizi iliyoliwa nusu. Akafungua mdomo. Ikatoka sauti kama ya mlango usiotiwa mafuta, kisha haikutoka tena.

"Una nini, mzee wangu?" aliuliza Bi Zamda.

Mkewe alijibu kutoka nyuma. "Ana mwiba. Tangu jana usiku. Nimempa matonge makavu ya ugali, nimempa ndizi, nimempiga mgongo mpaka mkono umeniuma. Haushuki wala haupandi."

"Mwiba wa nini?"

"Wa samaki, mama. Kuna mwiba gani mwingine?"

"Samaki gani?" alisema Bi Zamda. "Sokoni kuna dagaa tu, na dagaa hamkabi mtu mzima."

Chambuso akainuka kwa adabu zote.

"Shikamoo, Mzee Mdoe. Pole sana." Kisha akageuka taratibu, akiwatazama wanakamati mmoja mmoja. "Mzee Kibindu, arobaini ya marehemu ilipita salama? Mchuzi ulitosha? Nawe Bi Mwantumu, wale wageni wa Handeni walisifu mapishi?"

Mzee Kibindu alitazama paa. Bi Mwantumu alikuwa na jambo la kurekebisha kwenye kiatu chake.

"Mimi sikuwauzia," aliendelea Chambuso. "Niliwapa kitoweo. Kitoweo cha jirani hakikataliwi, ninyi wazee ndio mliotufundisha."

"Basi nitasema mimi," alisema Bi Zamda kwa hasira. "Mimi sijala samaki wako."

Chambuso hakucheka. Alisema karibu kwa huruma. "Shangazi, mkweo ni mzazi. Kile chungu anachonywea mchuzi ili mtoto apate maziwa, ulidhani kimetoka wapi?"

Na Bi Zamda alikuwa ameinusa harufu yake. Mwanamke aliyekaanga samaki tangu ujana wake aliingia nyumbani, akainusa, akajiambia labda wakwe wameleta kutoka Pangani. Hakuuliza. Mtoto alikuwa amelala ameshiba, na kuuliza kungemharibia usingizi. Sasa alifungua mdomo mbele ya watu wote, asipate la kusema. Koo lake halikuwa na mwiba wowote, lakini liliziba vile vile kama la katibu wake.

Chambuso aliukunja wavu, akautupia begani. Mlangoni akageuka.

"Mwenye mwiba kooni hamkemei mvuvi," alisema, akatoka.

Baadhi ya watu walicheka. Walinyamaza walipokumbuka wanaochekwa ni akina nani.

Bi Zamda alirudi nyumbani akaketi kizingitini, akashindwa hata kuvua ushungi. Mwajabu alimletea maji.

"Mama, sikukuficha," alisema. "Nilidhani unajua."

"Nilijua, mwanangu. Shida ndiyo hiyo. Nimechoka na wenye ndoana, nimechoka na wenye ndoo, lakini leo nimechoka na mimi mwenyewe." Akanywa maji. "Chungu kikija tena, usikipokee. Nitakipokea mimi."

"Na maziwa?"

Bi Zamda alitazama uani. Alikuwa na tetea mmoja, mtagaji mzuri, aliyemnunua baada ya karai la samaki kukauka ili mayai yafidie. Kisha akaingia ndani kuchukua kisu.

Ijumaa chungu kilikuja kweli, kimebebwa na mke wa Chambuso. Bi Zamda alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akauliza hali ya watoto. Mgeni alipoondoka, alikifunua, akakiweka kichwani bila kifuniko, akatoka nacho barabarani. Alipita katikati ya soko, harufu ikimtangulia. Alipofika msikitini watu walikuwa wanatoka kuswali, nao wakamfuata, wengine viatu bado mkononi.

Chambuso alikuwa amesimama majini hadi magotini, wavu begani. Bi Zamda aliweka chungu ukingoni mbele yake.

"Chungu chako."

"Shangazi, kitoweo hakirudishwi."

"Cha halali hakirudishwi. Hiki ni cha bwawa, nalo bwawa halikukuruhusu kutoa. Mkwe wangu anakunywa supu ya kuku tangu Jumapili, na kuku huyo nilimchinja mimi. Kwa hiyo sasa nisikilize, kwa sababu leo sina deni nawe hata la tonge moja. Unawavua wanaozaa. Masika yakiisha hutakuwa na cha kuvua, wala cha kutupa sisi tunyamaze. Utatunyamazisha kwa nini mwakani, kwa matope?"

Chambuso alitabasamu, akatazama nyuma ya Bi Zamda akitafuta uso wa kumsaidia. Uso aliouona ulikuwa wa Mzee Mdoe. Alikuwa anatoka zahanati, alikokubali kwenda siku hiyo tu, shingo imenyooka, na kwenye kipande cha pamba ameshika mwiba wake.

"Chambuso," alisema Mzee Mdoe. Sauti ilikuwa imekwaruzika, lakini ilifika ng'ambo ya bwawa. "Nilikula samaki wako mara nne. Wa nne ndiye aliyenihukumu. Weka wavu chini."

"Mimi nilikula kwenye arobaini," alisema Mzee Kibindu, bila kuulizwa.

Bi Mwantumu alisita kidogo. "Wageni wa Handeni hawakuja. Nilikula peke yangu."

Watu walicheka, na safari hii hakuna aliyeona haya kucheka, hata Bi Mwantumu. Wakaendelea, huyu alikula kwenye harusi, yule alimpokelea mgonjwa akamsaidia kumaliza. Kila mmoja alipokwisha kusema alishuka hatua moja karibu na maji. Chambuso aliwatazama mpaka tabasamu likamwisha.

"Na mkishauchukua, mtafunga kweli?" aliuliza. "Au mtaninyang'anya mimi, kisha mmoja wenu aje na wavu wake?"

"Swali zuri," alisema Bi Zamda. "Utatuuliza wewe. Ukimwona mmoja wetu na mwiba, mseme mbele za watu."

Chambuso akautoa wavu begani, akauweka kando ya chungu.

Bwana Samaki aliuchukua na Chambuso akalipa faini, na kwa muda mrefu alipita kona ya Bi Zamda bila kupiga kengele. Masika yaliisha, bwawa likafunguliwa kwa ndoana tu. Perege walikuwa wa kiganja. Hawakuwa wa sahani, bado, lakini Bi Zamda aliliosha karai lake upya akasema kiganja ni njia ya kwendea sahani. Tangu hapo kamati haifungui kikao kabla mwenyekiti hajauliza, "Kuna mwenye mwiba?" Aliye nao husema, akatoka nje mpaka jambo hilo lipite. Hakuna anayemzomea.

Chambuso naye alizeeka papa hapa. Akisikia watu wanaitumia methali hiyo bila kumtaja, alikuwa akiudhika na kudai haki yake, kwamba ni yake, aliitunga yeye mlangoni mwa ghala akiwa ameshinda. Alikuwa akiirudia ili wasiikosee, na hakuna aliyembishia:

Mwenye mwiba kooni hamkemei mvuvi.